Siku Redio Ilipohamia Kwenye Pikapu

Widad alikuwa amelala chali chini ya dashbodi ya pikapu, miguu nje, kanga kaifunga kibwebwe, akipitisha waya mwekundu kwenye upenyo alioutafuta tangu asubuhi. Kakake Huzaifa alitaka umeme uchukuliwe kwenye kile kitundu cha kuwashia sigara, kazi iishe upesi. Widad alikataa. Redio ya kuzungumzia hutaka umeme wa betri yenyewe, na fyuzi ikae karibu na betri, la sivyo waya ukichubuka gari huungua na waliomo. Hayo alifundishwa na babake, marehemu Ishaq, na Ishaq hakuwa mtu wa kurudia jambo.

Redio yenyewe ilikuwa ya Ishaq. Miaka yote ilikaa chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Magarini, na uani ukasimama mlingoti wa chuma ulioipita minazi. Mzee alizungumza na watu wa nchi za mbali asiowajua kwa sura, akazungumza na nduguye Mahadhi wa Ngomeni, ambaye alikuwa na redio kama hiyo katika ghala lake la samaki. Ishaq alipofariki, mkewe akiwa keshatangulia, Widad ndiye aliyebaki na nyumba. Huzaifa alikuwa amehamia Malindi mjini kwa mkewe, kazi yake kubeba samaki kwa pikapu.

Wiki iliyopita Huzaifa alikuja na maneno matamu. Alisema njia za huko ndani hazina mtandao, gari likikwama simu haina faida zaidi ya kipande cha sabuni. Redio ya baba ikihamia garini, yeye na ami Mahadhi wataitana na kazi itakwenda. Na Widad atanunuliwa nyingine ya hapo nyumbani, mpya.

"Wewe ndiye utakuwa kituo," alimwambia. "Sisi wengine ni magari tu."

Widad alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Aliishia darasa la nane, na hapana aliyewahi kumpa cheo.

Basi akafanya kazi kwa moyo mmoja. Aliing'oa redio mezani kwa mikono yake, akafungua nyaya zilizoushika mlingoti, wakaulaza chini wawili. Aliona kwamba kakake ana haraka na mlingoti kuliko na redio, akalinyamazia. Alitoboa paa la pikapu kwa keekee, akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, maana erio, ule mkonga wa kunasa sauti hewani, isiposhika chuma kitupu haina nguvu. Akaifunga redio chini ya dashbodi. Zilipungua nati mbili za ukubwa wake, Huzaifa akaenda dukani kwa miguu kuzitafuta.

Widad akaona aijaribu. Aliwasha, akaweka namba ya ami Mahadhi, akabonyeza kitufe cha maiki mara mbili pasipo kusema, kutazama tu kama taa itawaka. Iliwaka. Na huko Ngomeni, Mahadhi akasikia mlio aliokuwa akiungoja, akajua gari la Huzaifa li hewani.

Mahadhi alikuwa mtu wa adabu za zamani, hawezi kusema jambo kabla ya kumaliza salamu. Na redio hizi, aliyebonyeza kitufe ndiye mwenye hewa. Mwingine hata apige ukelele hasikiki. Kwa hiyo mzee alizoea kusalimu na kujijibia mwenyewe, kisha akaingia kwenye habari yake kwa pumzi ile ile, bila kukiachia kitufe amsikie aliye upande wa pili.

"Salamu alaikum Huzaifa, alaika salamu. Umeamkaje, alhamdulillahi. Mkeo mzima, tunashukuru, watoto hawajambo, hawajambo. Naona mashine imeshakaa garini, hongera. Sasa sikiza. Mnunuzi anakuja Ijumaa baada ya swala. Nimemwambia nyumba ni tupu na mrithi ni wewe peke yako. Dadako mpeleke Junju Alhamisi kwa khalati yake, mwambie anakwenda kutembea. Unaona sasa? Nilikwambia asijue mpaka redio ifungwe. Angejua, nani angekufungia? Na ule mlingoti ukishalala, hana tena cha kukumbatia pale. Haya, nijibu."

Tangu neno la mnunuzi Widad alikuwa akimwita ami, lakini sauti yake haikwenda popote. Mzee alipoachia, palibaki mvumo mtupu.

"Shikamoo ami," akasema. "Ni Widad."



"Marahaba mwanangu," akajibu Mahadhi, kwa upole wake wa siku zote. "Nduguyo yuko wapi?"

Widad alimwambia yuko dukani, akairudisha maiki mahali pake.

Huzaifa alirudi na nati mfukoni na viazi karai kwenye gazeti. Aliiona taa ya redio, akauliza ami kasema nini.

"Kakusalimu. Na mkeo, na watoto. Kisha kanipangia safari ya Junju."

Huzaifa akaviweka viazi juu ya boneti. Alieleza mengi: kwamba mwanamke hakai peke yake porini, kwamba nyumba inabomoka, kwamba fungu la Widad lingekaa kwa kakake salama mpaka aolewe.

"Salama kama redio?"

Huzaifa akazitoa nati mfukoni.

"Ungeniambia, Huzaifa. Ningelia, lakini ningekufungia."

"Basi malizia kufunga," akasema, akimnyooshea nati. "Mengine tutazungumza."

Widad alizipokea. Akazikaza zote mbili, akapima kwa mkono kama redio inacheza. Alijua akiing'oa, kesho itasemwa mpaka Ngomeni kwamba Widad kagombana na kakake kwa ajili ya redio, si nyumba. Akakusanya vyombo vyake, akaingia ndani.

Alhamisi Huzaifa alipiga simu ya safari ya Junju, Widad hakuipokea. Ijumaa baada ya swala pikapu ilikuja, nyuma yake gari jeupe. Widad alikuwa amefagia uwanja, madirisha wazi, nguo zake zimeanikwa, chai imetengwa barazani. Mnunuzi, mtu mzima wa Mombasa mwenye kanzu safi, aliteremka, akatazama nguo kambani, akamtazama yeye, akauliza huyu ni nani.

"Mpangaji," akasema Huzaifa, uso kauelekeza kwenye minazi. "Atahama."

Widad alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu siku ile ya redio. Yalimpotea yote. Ya ami aliyategemea, na ya kuuzwa nyumba alikwisha kuyalia. Hilo la kuitwa mpangaji hakulitegemea.

"Mimi ni Widad binti Ishaq," alimwambia mgeni. "Huyu ni kakangu, baba mmoja, mama mmoja. Mimi sijauza."

Mnunuzi aliwatazama kwa zamu, na sura zilikuwa zile zile.

"Nisamehe, binti. Niliambiwa hapana mtu." Akarudi garini, akageuza.

Huzaifa alibaki amesimama, funguo mkononi.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Chai ipo," akasema Widad.

Hakuinywa. Widad alisimama barazani mpaka pikapu ilipopotea kwenye kona, ndipo akakaa chini, akajimiminia chai.