Konvata Hugonga Mara Tatu

Lorna Pruitt alikuwa chali chini ya vani yake, mafuta mekundu yakimchuruzika hadi kwapani, na majirani watatu wamejipanga kwenye viti vya kukunja wakimtazama kama watu waliolipa kiingilio. Mtaa ule wa Iowa ndivyo ulivyo: ukilala chini ya gari mbele ya nyumba yako, umeshawaalika.

"Giaboksi si kazi ya mtu mmoja," alisema Verlyn, jirani wa mkono wa kushoto, akifungua bia ya pili.

"Basi njoo ushike jeki."

"Mgongo, Lorna. Si unaujua mgongo wangu?"

"Naujua sana. Ukiona spana tu, unauma."

Wengine wakaangua kicheko.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Lorna alikuwa amemwahidi baba yake, Orville, kwamba kesho asubuhi atamtoa kwenye nyumba ya wazee, alikokuwa tangu majira ya baridi, ampeleke ziwani kuvua. Vani hii tu ndiyo iliyokuwa na lifti ya kupandisha kiti chake cha magurudumu. Giaboksi ilipokufa Jumatatu, gereji walimwambia alitupe gari lote. Lorna hakubishana nao. Alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akarudi na giaboksi nyingine.

Sasa ilikuwa juu ya jeki, imeikaribia injini, lakini haikubali kugusana nayo. Ulibaki mwanya wa vidole viwili.

"Kaza bolti, zitaivuta zenyewe," alisema Verlyn.

Lorna alikuwa hoi, na ushauri ule ulikuwa mtamu. Akaingiza bolti ya kwanza, akaizungusha kidogo, kisha roho ikamsuta. Akampigia baba yake simu.

"Mwanya?" Orville alifoka. Alikuwa amefanya ufundi miaka arobaini. "Weka spana chini! Ulipoingiza konvata, iligonga mara ngapi?"

Konvata ni lile duara zito la chuma linalokaa mdomoni mwa giaboksi; kila linapozama hatua moja ndani, hugonga. Lorna akakumbuka. "Mara mbili, Baba."

"Ni tatu! Ukikaza hapo utapasua pampu ya giaboksi, na kesho mimi nitavua kwenye beseni. Iteremshe."

Verlyn akaguna, akaweka bia chini, akaja kushika jeki, licha ya mgongo wake. Giaboksi ilipotua, Lorna akaweka simu kando yake.

"Wanyamazishe hao wanywaji," Orville aliamuru. "Sasa zungusha. Usilazimishe."

Lorna akazungusha huku akiisukuma taratibu. Hakuna. Akazungusha tena. Ko!

"Hiyo hiyo!" mzee alipiga kelele, na majirani wakashangilia kama timu yao imefunga.

Jumamosi vani ilipanda gia moja baada ya nyingine bila kushtuka. Lorna alisubiri baba yake, aliyekuwa nyuma kwenye kiti chake, aseme neno. Orville alikuwa mtu wa kurudia kukaza kila bolti aliyokaza binti yake, na hakuwahi kusinzia ndani ya gari lililotengenezwa na mtu mwingine. Daima alitega sikio, akitafuta kasoro. Maili tano zikapita kimya. Lorna akamtupia jicho kwenye kioo.

Mzee alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kofia imemwangukia puani.

Lorna alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Akaipita njia ya kwenda ziwani, akaendelea kuendesha polepole. Samaki wangesubiri.