Shati la Célestin

Bwera nzima, hapa Uganda mpakani na Kongo, hakuna anayejua mawingu kunizidi mimi. Labda Kaswera. Na mbuzi wangu, ambaye huwa ameshaingia ndani wakati mimi bado naanika nguo. Basi tuseme habari ni ya Kaswera.

Kaswera ni mwanamke wa Butembo, kule Kongo. Anauza unga wa muhogo karibu na kinu, na kila Jumapili baada ya misa huandika kwa chaki, kwenye mlango wa kinu, hali ya hewa ya wiki nzima. Redio husema mvua itanyesha hapa na pale, na kweli hunyesha hapa na pale, huwezi kuishtaki. Lakini mwenye kahawa kwenye turubai hutazama mlango wa kinu kwanza.

Wiki moja ya Novemba, baridi ilikuwa imeshuka kutoka mlimani na watu walikwenda sokoni na sweta mbili. Kaswera aliandika: Jumatatu manyoya ya kuku, juu sana, anikeni. Jumanne kondoo wadogo, anikeni lakini msiende mbali. Jumatano blanketi la kijivu mpaka mchana. Alhamisi pamba asubuhi. Ikipanda na kuwa bapa kichwani kama fuawe la mhunzi, kimbieni na turubai zenu. Ijumaa na Jumamosi mabaki. Chini kabisa, kama kila wiki: Paa la Kaswera, mvua, saa kumi na mbili jioni.

Hiyo ya mwisho ilitokana na shati.

Mumewe, Célestin, aliondoka mwezi wa tatu kwenda Butembo kutazama shamba la baba yake. Wiki mbili, alisema. Kaswera akafanya kama mama yake alivyomfundisha: mume akisafiri, unafua shati alilovua, unalianika bila kulikamua, na halitakauka mpaka avuke kizingiti. Kila asubuhi mvuke ulipanda kutoka kwenye shati, ukawa wingu la ukubwa wa godoro, likaenda alikokuwa Célestin. Jioni lilirudi na maji ya huko, likayamwaga juu ya mabati ya Kaswera peke yake. Majirani waliweka mabeseni yao ukingoni mwa ua wake, wakaambulia vumbi.

Miezi ya kwanza maji yalikuwa baridi, yananukia moshi wa mikaratusi. Kaswera aliyanawia uso, na akinawa hakutaka mtu amsemeshe. Kuanzia Septemba yalikuja vuguvugu, yenye harufu ya samaki. Na wingu likiondoka halikwenda tena upande wa Kongo. Lilielekea Muhokya, upande wa ziwani.

“Linazunguka,” Kaswera alimwambia jirani yake Ronah, mwenye kahawa. “Njia ya Beni iko vita.”

“Wingu pia inaogopa vita?”

“Kila mutu anaogopa.”

Ronah ni mtu wa Maliba, na watu wa huko hawana haraka ya kumuumbua mtu. Aliendelea kugeuza kahawa yake.

Alhamisi fuawe likasimama juu ya mlima saa ileile aliyoandika, na turubai zote zikawa zimekunjwa. Ijumaa jioni Célestin akapiga simu. Simu ya Kaswera haisikiki ila kwa sauti kubwa, kwa hiyo Ronah naye alisikia, maana alikuwa amekaa hapo hapo.

“Kaswera, balifunga barabara. Mi niko tu hapa Butembo.”

“Huko hewa iko namna gani?”

“Jua kali. Hata wingu moja hakuna.”

Hapo kiboko akakoroma ndani ya simu.

“Nini hiyo?”

“Iko pikipiki ya jirani Christophe. Inakataa kuwaka.”

“Ina maji puani,” akasema Ronah.

Wakati huo mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Walianguka ngege watatu, samaki wa ziwani, wazima, na baada yao soksi moja ya mtoto mchanga, ya manjano, iliyofumwa kwa mkono.

“Msalimie Christophe,” Kaswera akasema, akakata simu.

Samaki walikaangwa, kosa halikuwa lao. Soksi ilianikwa kwenye kamba, ikakauka papo hapo. Muuza samaki na chumvi wa Hamukungu, karibu na Muhokya, Nuwa, alikuwa ameshasema sokoni kwamba nyumba ya mwanamke mmoja, Kemigisha, kule ziwani ina mtoto na ina mwanamume wa Kikongo anayeshona nyavu. Kaswera alikuwa amenunua kwake chumvi na kuondoka.

Jumamosi asubuhi shati lilikuwa kavu, gumu kama kadibodi. Célestin alikuwa amevuka kizingiti. Mama yake Kaswera hakusema kizingiti cha nani. Jioni ile mabati yalinyamaza, na Kaswera alikaa chini yake na beseni tupu mapajani mpaka chakula kikapoa.

“Mungu asifiwe, imeisha,” akasema Ronah. “Na shati?”

“Nilikata. Iko kitambaa ya meza.”

Jumapili aliandika mlangoni: Jumatatu kondoo wadogo. Paa la Kaswera, hakuna.

Jumatatu alfajiri Ronah alikwenda kuazima chekecheo. Mlango ulikuwa wazi, meza haina kitambaa. Alimkuta Kaswera nyuma ya nyumba, ameinama juu ya mtungi ambao maji yake yalinukia samaki. Alikuwa anatoa shati humo, zima, mikono yote miwili na vifungo vyote, na hakulikamua. Akalitundika kwenye kamba, akanyoosha kola.

Wingu likapanda. Lilikuwa dogo safari hii, kama mto wa kulalia. Likaelekea Muhokya.

Kaswera akageuka, akamwona Ronah.

“Iko moshi ya jikoni,” akasema.

Ronah akatazama jikoni. Kuku alikuwa amelala juu ya mafiga.