Kifuko Chekundu

Mtaa mzima ulijua kwamba wiki ya sikukuu Fundi Pini haongei. Si kwamba kanuna. Ni zile pini. Anazibana midomoni safu nzima, na ukimuuliza nguo yako imefikia wapi anakujibu "mmh" moja, wewe uitafsiri utakavyo. Mgeni huisikia kama "tayari", mwenyeji huisikia kama "njoo kesho". Na kesho yake kweli nguo inakuwepo, maana Fundi Pini, pamoja na vituko vyake vyote, hakuwahi kumwacha mteja avae cha zamani siku ya sikukuu.

Ila mkewe. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, nao hawakumjua mke wa fundi cherehani. Alikuwa muuguzi, mtaani wakimwita Sista, na kwa miaka kadhaa mfululizo zamu ya sikukuu ilikuwa ikimwangukia yeye. Majirani wakitoka wamemeremeta, yeye anawapita na sare yake nyeupe, mkoba begani, anakwenda kazini. "Mimi nishonewe ya nini?" husema. "Nikaivalie wapi, wodini?" Husema huku akicheka, na Fundi alikuwa mjinga wa kukiamini kile kicheko.

Mwaka huu hakucheka. Siku orodha ya zamu ilipobandikwa alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa navyo mkononi.

"Imeniangukia tena," alisema. "Basi, nyie sherehekeeni tu. Na kahawa mwaka huu msiniulize, sina moyo nayo."

Fundi alihisi kama amemeza pini. Kukosa nguo mpya ni jambo moja, lakini kahawa! Kahawa ya viungo ndiyo iliyokuwa sikukuu ya nyumba ile. Hata miaka ya zamu, Sista alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anachemsha maziwa na mdalasini, iliki, karafuu na tangawizi, anamimina kahawa nzito juu yake, nyumba nzima inanukia mpaka watu wanaamka wenyewe bila kuitwa. Kikombe kimoja anakunywa amesimama, amefunga macho, ndipo anakwenda. Mwanamke aliyeacha hata hicho kikombe ameiaga sikukuu yenyewe, na Fundi alijua kwamba mtu akizoea kuaga hivyo, kumrudisha ni kazi.

Sasa, Fundi alikuwa na siri yake. Miezi michache nyuma walipita dukani pamoja kununua vifungo, na Sista akasimama mbele ya jora moja la kitambaa chekundu. Alikisugua kati ya vidole, akakitazama, akakiachia, akaendelea na safari yake. Fundi aliona. Alirudi peke yake akakinunua, akaiba vipimo kwenye sare iliyoanikwa kambani, na tangu hapo akawa anashona gauni kwa kujificha, mabaki ya kitambaa akiyasokomeza mfukoni ili yasimsaliti. Lilibaki pindo la chini tu. Alipanga kumpa jioni ya sikukuu akirudi. Lakini gauni bila kahawa, aliona, litakuwa kama kumvisha mtu anayelia. Kahawa itangulie. Ataipika mwenyewe, aipeleke wodini.

Tatizo ni kwamba Fundi Pini jikoni hakujua hata chumvi inakaa wapi. Akamwendea mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao na aliyemfundisha bintiye ile kahawa.

"Mdalasini kidole kimoja," alisema mama mkwe. "Tangawizi kifundo cha gumba. Iliki ijaze kiganja kilichokunjwa."

"Kidole cha nani, mama?"

"Cha mpishi, baba. Ulitaka cha jirani?"

Vidole vya Fundi vilikuwa virefu kama rula, na fundi wa kweli hakisii. Ndiyo maana Sista, akiwa amelala mchana baada ya zamu ya usiku, aliamka akamkuta mumewe amepiga magoti kando ya kitanda, amemzungushia tepu kwenye kidole cha shahada.

"Unafanya nini wewe?"

"Kulikuwa na nzi."

"Mkubwa kiasi gani mpaka umpime?" alisema Sista, akageukia ukutani, usingizi ukamchukua tena.

Asubuhi ya sikukuu, Sista alipotoka tu, Fundi aliingia jikoni na tepu shingoni. Mama mkwe alivuta kigoda akakaa mlangoni. Alishasema hatagusa kitu, kwa sababu kumwona mkwe wake akipika ilikuwa sikukuu tosha. Fundi aliupima mdalasini, akaukata kwa mkasi wa nguo. Kinu hakukiona, kwa hiyo iliki na karafuu alizifunika kwa gazeti akazipondaponda kwa pasi ya mkaa. Mama mkwe alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Viweke kwenye kifuko," alisema akijifuta machozi. "Mwanangu hataki kutafuna karafuu. Huvifunga kwa shashi, ile ya kufungia vidonda."

Shashi ilikuwa imekwisha. Nguo zote safi za nyumba zilikuwa zimevaliwa au zimefungiwa kabatini, na duka la Fundi lilikuwa mbali. Akajipapasa. Mfukoni, hukooo chini, akagusa kipande cha kitambaa. Sindano yenye uzi ilikuwa kwenye ukosi wa shati lake kama siku zote. Kufumba na kufumbua kifuko kikawa tayari, mishono midogo ya kupendeza, kikatumbukizwa kwenye maziwa yanayochemka. Harufu ikapanda. Ilikuwa ile ile! Fundi akasimama katikati ya jiko, kifua mbele, kama aliyevumbua moto.

"Mkwe," alisema mama mkwe, shingo kainyoosha, "ng'ombe wako alikuwa anakula nini?"

Maziwa yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi.

Na huyu ndiye mtu ambaye kila mteja akiondoka na nguo nyekundu humfuata mpaka barabarani akimhubiria: ioshe peke yake mara ya kwanza, inachuja! Fundi aliketi sakafuni. Maziwa mengine hayakuwepo, maduka yalikuwa yamefungwa, na mapumziko ya Sista yalikuwa mafupi.

"Tia kahawa," alishauri mama mkwe. "Nyeusi hufunika aibu."

Haikufunika. Ilitoka rangi ya tofali bichi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Fundi alikuwa ameshazivua na kuzipiga pasi juu yake. Akamimina yote kwenye chupa ya chai, na kifuko chake humo humo, akatoka mbio, tepu bado shingoni.

Alimkuta Sista kwenye meza ya wauguzi, anajaza fomu za wagonjwa, uso mkavu. Mwenzake alikuwa akipanga dawa kwenye sinia.

"Kuna nini nyumbani?" Sista alishtuka. "Mama mzima?"

"Wote wazima. Nimekuletea sikukuu," alisema Fundi, akamimina kabla ujasiri haujamtoroka.

Wauguzi wawili waliinamia kikombe.

"Sista," alisema yule mwenzake taratibu, "hiyo usiinywe. Hiyo ipelekwe maabara."

Sista alikinusa. Uso ukaanza kulegea. Akaonja tone moja tu kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho, akakaa hivyo.

"Mdalasini umeupima vipi?" aliuliza bila kufumbua.

"Kwa kidole chako."

"Aa! Kumbe yule nzi!" Na hapo kicheko kikamponyoka. Kilikuwa kicheko cha tumbo, kile ambacho Fundi alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu mpaka alikuwa amesahau kwamba kinaishia na kikohozi. Mgonjwa wa kitanda cha karibu akacheka naye bila kujua kinachochekwa.

"Na hii rangi?" alisema Sista, akijishika mbavu. Akachukua kijiko, akavua kifuko ndani ya chupa, akakinyanyua kikitiririka. Aliitazama ile mishono. Kisha akakisugua kati ya vidole, vile vile, na kicheko kikakatika.

"Kitambaa hiki nakijua."

Fundi alitamani angekuwa na pini mdomoni. Hakuwa nazo. "Ni chako," alisema. "Nilikuona siku ile dukani. Gauni liko nyumbani, nimeshindwa kulimaliza. Vyote nilivipima kwenye sare yako, lakini pindo halipimwi kambani, mke wangu. Pindo linamtaka mwenyewe asimame."

Sista alikifunga kifuko kwenye pamba safi, akakitia mfuko wa sare, akarudi kwa wagonjwa wake. Ila mwenzake alisimulia baadaye kwamba mchana ule Sista aliwachoma watu sindano huku akiimba.

Saa kumi jioni alikuwa amesimama juu ya kigoda cha mama yake sebuleni, ndani ya gauni jekundu, mikono kaitanua kama mtoto. Jirani alikuwa ametoa maziwa, Sista alikuwa amekuja na shashi, na kahawa safari hii ilitoka rangi ya kahawa. Kikombe kilikuwa mkononi mwake. Chini, Fundi alikuwa amepiga magoti, pini safu nzima midomoni, anazunguka pindo polepole.

"Likioshwa, lioshwe peke yake," alionya mama mkwe kutoka pembeni. "Tumeshaona."

Sista alijitazama kwenye kioo, akanywa funda, akamtazama mumewe pale chini.

"Nimependeza?"

"Mmh," alisema Fundi.

"Mimi si mteja. Toa hizo pini useme."

Akazitoa, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa shati. Alipoinua uso alimwona mkewe anangoja, kweli anangoja, kama mtu ambaye amengoja miaka.

"Umependeza," alisema. "Umependeza mno, mke wangu. Na mtu wa kwanza kuvaa mshono wangu ulipaswa kuwa wewe."

"Basi mwakani," alisema Sista, akimpa kikombe anywe, "nianze mimi."