Karatasi za Bi Mafundo

Mwalimu alikuja na daftari lake kwapani, akasimama mlangoni kwa fundi wa cherehani kama mteja aliyesahau alichofuata. Tangu astaafu alikuwa amelivalia njuga jambo moja tu: kabla wazee waliobaki hawajatutoka, mji huu mdogo upate chumba cha kumbukumbu. Alikuwa amepewa chumba kimoja cha iliyokuwa posta, chenye kaunta ya mbao na madirisha mawili yasiyokubali kufungwa, naye akawa anapita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya zamani. Mpaka siku ile alikuwa amepata kengele ya shule, mizani yenye kutu, baiskeli isiyo na mnyororo, na picha kumi na tatu, nane kati yake za bwana mmoja aliyeipenda sana sura yake.

Kwa fundi alitaka kitu kimoja, karatasi za Bi Mafundo.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mpole wa maneno, mkali wa mkasi. Bi Mafundo alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, na ndiye aliyemfundisha kazi. Huyo hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Alipima watu kwa kamba aliyoipiga mafundo, fundo la kiuno, fundo la bega, fundo la urefu, na hakukosea, basi jina likamganda. Shule ya mji ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyeshona sare za wanafunzi wote wa kwanza. Mwalimu mwenyewe aliivaa mojawapo, maana enzi zile mtu alianza darasa la kwanza ndevu zikiwa njiani. Karatasi zilizokatiwa sare hizo, zile ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa ili mkasi uzifuate, zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani. Miaka minne nyuma, alipokuwa anakata roho, shangazi aliacha wosia wa mambo mawili tu: cherehani isiuzwe, na zile karatasi zisitupwe.

"Tumekubaliana chumba kiitwe kwa jina lake," Mwalimu alisema. "Jumamosi ijayo. Na wewe ndiye utakayefungua mlango."

Fundi alifurahi, tena sana, lakini furaha ile ilikuja na mwiba wake. Shangazi yake mji ulimheshimu. Baba yake mji haukumtaja kabisa.

Baba alikuwa karani wa mji. Kwa miaka kumi na tisa aliandika Kitabu cha Mji kwa mkono wake: kila mtoto aliyezaliwa, kila aliyekufa na mahali alipolazwa, nani alijenga nyumba ipi, kisima kilichimbwa na akina nani, mipaka ya viwanja hatua kwa hatua. Kisha, mwaka uleule wa kufunguliwa shule, kitabu kikapotea. Karani alisimama mbele ya baraza akasema kimepotea mikononi mwake, akakaa. Hakuongeza neno. Mwaka haujaisha, tajiri mmoja akajitokeza kudai nusu ya uwanja wa shule ni wake, na kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya kumpinga, akaupata. Hapo watu wakajumlisha wenyewe. Karani amekiuza kitabu. Aliyelitamka kwanza alikuwa mwenyekiti wa baraza, na jambo likishatamkwa na mwenyekiti, nani tena atahangaika kuliulizia?

Karani alivuliwa kazi. Aliishi miaka sita zaidi, akipita njiani watu wanaangalia viatu vyao, na alipokufa jeneza lake lilibebwa na watu wanne kutoka nyumbani mpaka makaburini bila wa kuwapokea. Fundi alikuwa na miaka kumi na minane. Mpaka leo huwaombea dua wale wanne kwa majina yao.

Alasiri ile, Mwalimu alipokwenda zake, alizitungua karatasi akaziweka mezani azifute vumbi. Zilikuwa za mifuko ya saruji, zimebandikwa mbili mbili kwa gundi ya unga ili ziwe ngumu. Alikumbuka aliyezibandika. Alikuwa baba yake, wiki chache baada ya kufukuzwa, akikoroga gundi kwenye sufuria nyuma ya nyumba na kubandika kipande kimoja kimoja, akisema anataka zidumu. Majirani walipata la kucheka mwezi mzima, kwamba karani sasa ni msaidizi wa mshonaji.

Mende walikuwa wameila ile gundi. Kipande cha mgongo kilikuwa kimeachana ukingoni, na pale katikati, baina ya saruji na saruji, palichungulia karatasi ya tatu, nyeupe iliyoingia umanjano, yenye mistari na wino. Fundi aliitambua hati ya baba yake kabla hajasoma neno, herufi zimeinama kulia, na kila y ina mkia mrefu usio na sababu. Akaipanua kidogo kwa ukucha. *Leo amezaliwa mtoto wa kike kwa mwashi, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mama ni mzima na* … Hapo mstari ulikatika, kwa sababu hapo ndipo mkasi ulipopinda kufuata kwapa.

Ilimchukua muda kukaa, ingawa kiti kilikuwa nyuma yake tu.

Kwa hiyo kitabu hakikuuzwa. Kilikatwa migongo na mikono ya mashati. Shangazi yake alihitaji karatasi nzito, akaichukua iliyokuwa mezani kwa kaka yake, akaipitishia mkasi. Na baadaye akanyamaza. Hilo ndilo lililomchoma fundi, kule kunyamaza. Ndiyo maana karatasi zisitupwe! Shangazi alijua, akamwacha kaka yake apakwe matope miaka sita mpaka kaburini, huku yeye anasifiwa kwa mishono. Tena alikuwa akimsema, fundi alimkumbuka akimsema jikoni, eti kaka yake ana kichwa cha kuazima, angesahau hata miguu yake kama isingemfuata. Na ndiye huyohuyo ambaye fundi alikuwa amemwogesha, amemlisha kwa kijiko, amemfumba macho.

Siku mbili alikaa na jambo hilo. Akinyamaza, chumba kitaitwa jina la shangazi na baba atabaki mwizi. Akisema, baba atatoka matopeni, lakini ataingia aliyemlea. Kazi ikamharibikia mkononi. Alishona shati akabandika mfuko upande wa kulia, mwenye shati akauliza kwa adabu kama ni lake au la ndugu yake anayetumia mkono wa kushoto. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akalifunga bunda kwa kitambaa, akaenda posta.

Mchora mabango alikuwa juu ya ngazi, amefika CHUMBA CHA BI MAF. Fundi akamwomba ashuke kwanza. Akaingia ndani, akafunga mlango, akamwambia Mwalimu kila kitu, na akalaza kile kipande cha mgongo juu ya kaunta.

Mwalimu alikisoma akiwa amesimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na ilikuwa safi tangu mwanzo. Hakuulizia jina la chumba wala kibao. Alisema tu kwamba kabla hawajamhukumu mtu, wazibandue zote, wajue kilichopo.

Basi wakaingia kazini. Mwalimu alichemsha maji, wakawa wanashikilia kila kipande juu ya mvuke mpaka gundi ilainike, kisha fundi anaingiza ubapa wa rula ya mbao na kuachanisha polepole, maana vidole vyake vilijua karatasi inataka kuraruka lini. Migongo sita. Vifua kumi na viwili. Kola. Kurasa zilitoka moja moja, zikaanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hili hadi lile. Kisima kilichimbwa na watu tisa, na majina yao wote tisa yalikuwemo. Babu yake Mwalimu alikuwemo, alihamia na mbuzi wawili na mke mmoja, *mbuzi wamefika salama*, Karani aliandika, na Mwalimu akacheka mpaka akalazimika kukaa. Kila ukurasa ulikuwa na pengo lake, la shingo au la kwapa.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa shati dogo kuliko yote, la mtoto wa miaka sita. Ulipoachana, maandishi yalikuwa pande mbili. Kwenye ukurasa wa kitabu palikuwa na wino. Na kwenye ile karatasi ya saruji yenyewe, upande wa ndani uliofichwa na gundi, palikuwa na penseli. Hati ilikuwa ileile.

Fundi alisoma mwenyewe, kwa sauti, kwa sababu Mwalimu alimsogezea.

"Kurasa hizi alizikata dada yangu kwa kutojua. Nilisafiri nikakiacha kitabu mezani, kosa ni langu. Yeye hajui kusoma, aliona karatasi kuukuu. Akiambiwa, hatashika mkasi tena. Asiambiwe maadamu yu hai."

Fundi aliisoma tena, safari hii kwa macho tu, kisha machozi yakamtoka, na hakuyazuia. Alilia kwa ajili ya baba yake, ndiyo, aliyekoroga gundi mbele ya majirani wanaocheka ili azifunike kurasa zake asije mjuzi wa kusoma akaziona. Lakini zaidi alimlilia shangazi, ambaye siku tatu nzima alikuwa amemwita mnafiki moyoni. Shangazi hakujua lolote. Alizitunza zile karatasi kwa kuwa kaka yake alizibandika kwa mkono wake akisema anataka zidumu, na huenda hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumwombea radhi kwa maneno ya jikoni.

Alipofuta uso alitoka nje, akamwambia mchora mabango apande amalizie. Alimpa na maneno ya kuongeza.

Jumamosi watu walijaa mpaka barabarani, wengine kwa mapenzi ya historia, wengine kwa sababu kibao kilikuwa kimewashangaza: CHUMBA CHA BI MAFUNDO NA KAKA YAKE. Kaka yake? Minong'ono ilikuwa imeanza tangu asubuhi. Mwenyekiti wa zamani naye aliletwa, akiongozwa na mjukuu wake. Alikuwa amekula chumvi nyingi, macho yamefifia, lakini kichwa kilikuwa hakijamtupa. Walimpa kiti karibu na kaunta.

Fundi hakuwa mtu wa hotuba. Aliwaeleza kama anavyomweleza mteja kwa nini nguo imechelewa, kilichotokea, kilichofuata, na nani alifanya nini. Alionyesha kurasa zilizoning'inia. Alipofika kwenye ile ya penseli, alimpa Mwalimu aisome. Wanawake wawili walijifunika nyuso kwa kanga zao.

Mwenyekiti akaomba isomwe tena. Ikasomwa. Akauliza kama ukurasa wa uwanja wa shule upo, akaambiwa upo, ni kifua cha kushoto, lakini umekatika. Akaomba auguse. Fundi alimwekea mapajani, akakiongoza kidole chake mpaka kwenye pengo.

"Panasemaje kabla ya kukatika?"

"Panasema, uwanja unaanzia mlango wa shule, hatua mia mbili na arobaini kuelekea kisimani, hadi," Mwalimu alisoma. "Basi."

Mzee alikaa na kidole chake kwenye lile pengo.

"Hadi jiwe jeupe," alisema. "Tulipima kwa kamba. Karani alishika ncha moja, mimi nikashika ya pili. Jiwe lilikuwa miguuni pangu."

Walioelewa waliinamisha vichwa. Kama alikuwepo, basi siku tajiri alipokuja, kitabu kiwepo kisiwepo, palikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kusimama na kusema mpaka uko wapi.

"Nilimwogopa yule tajiri," Mwenyekiti aliendelea, na hakuwa anamwambia mtu mwingine ila fundi. "Ikawa rahisi kusema Karani ametuuza. Siku ya maziko yake nilifunga mlango wangu nikakaa ndani. Nilisikia wakipita, miguu ya watu wanne. Mwanangu, sikuombi unisamehe leo. Naomba ujaze hapo palipokatika."

Fundi alimtazama. Kwa miaka arobaini alikuwa na maneno aliyomwandalia mzee huyu, mengine makali sana, na sasa aliyatafuta hakuyapata. Alichokipata ni kazi. Alichukua karatasi mpya, akailaza chini ya lile pengo, akachora ukingo wake kwa penseli, akakata kwapa lile kwa mkasi wa shangazi yake. Kipande kiliingia sawasawa. Mwalimu akampa kalamu.

Aliandika: jiwe jeupe. Halafu akasita.

"Niandike ni nani aliyeshika ncha ya pili?"

"Andika ni mimi," mzee alisema. "Na uandike kwamba nilinyamaza."

Nafasi ilikuwa ndogo, ukubwa wa kwapa la mtoto, kwa hiyo aliandika kwa herufi ndogondogo, bila haraka, na watu wote wakasubiri. Fundi hakuwa mwandishi, maisha yake yote aliandika vipimo tu. Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake, aliona herufi zinainama kulia, na kila y inavuta mkia mrefu usio na sababu.