Wastani wa Nyuzi Kumi

Majira ya machipuko hayana adabu. Asubuhi utavaa koti, saa nne utalivua, saa nane utalitafuta huku umelowa chapachapa, na jioni jua litakuchekea kana kwamba halikufanya kitu. Kuyatabiri ni kazi ya kutukanwa, na aliyeifanya katika mji ule mdogo kwa miaka kumi na tisa ni mwanamke mmoja ambaye watu walimwita Mama Mawingu. Alikuwa na kisanduku cheupe cha vipimajoto nyuma ya ofisi ya mji, chombo cha kupimia mvua, na daftari. Kila siku saa kumi jioni aliandika utabiri kwenye karatasi moja na kuipeleka redioni kwa miguu yake mwenyewe.

Matusi alishayazoea. Lakini alichokisikia asubuhi ile, akiwa ameinama mbele ya kisanduku chake, kilikuwa kipya.

"Tunawaomba radhi wakulima wote," ilisema redio ya mlinzi wa ofisi, "kwa utabiri usio sahihi wa mpima hewa wetu. Alitupa nyuzi kumi, na usiku sakitu imeunguza miche."

Nyuzi kumi! Yeye aliandika kwa mkono wake: alfajiri nyuzi sifuri, kutakuwa na sakitu, funikeni miche. Sakitu ni ule utando mweupe wa barafu unaotua alfajiri, na mche wa nyanya ukiguswa nao, umekwisha. Taarifa ya jioni hakuwa ameisikiliza. Nani husikiliza maneno aliyoyaandika mwenyewe? Damu ilimpanda kichwani. Alimaliza kusoma vipimo, maana kazi ni kazi, kisha akatoka mbio.

Redio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Mtangazaji, ambaye pia ndiye meneja na mfagizi, aliitwa Sauti ya Asali, na hakuna aliyeipenda asali hiyo kuliko yeye.

"Karatasi yangu iko wapi?" Mama Mawingu aliuliza bila hodi.

Ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha chai. Alfajiri 0, mchana 20, kama alivyoandika. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mtu alikuwa amejumlisha sifuri na ishirini, akagawa kwa mbili, akapata kumi na kuizungushia duara.

"Hii nini?"

"Wastani, dada. Wasikilizaji wanachanganyikiwa. Mara baridi, mara joto, washike lipi? Nikawapa namba moja."

"Na sakitu niliyoiandika?"

"Kwenye nyuzi kumi hakuna sakitu," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Nikaona umeteleza, nikaifuta."

"Wewe ukila sahani mbili na mkeo akalala njaa, mtasema mmekula sahani moja moja?"

Sauti ya Asali alitazama kikombe chake.

"Umekosea. Sema hewani kwamba umekosea."

"Dada yangu, nikisema hivyo nani atanisikiliza tena? Wewe lawama umezizoea."

Alitamani kummwagia ile chai. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye baridi ili watu wasipate hasara, na leo uzoefu wake wa kulaumiwa ndio umekuwa kitambaa cha mtu kujifutia! Lakini mawingu yalikuwa yanaondoka na upepo ulishatulia. Usiku anga lingekuwa tupu, joto lote lingepaa, na sakitu ingerudi kumalizia miche iliyosalia. Ugomvi ungengoja.

"Basi jioni utasoma karatasi yangu neno kwa neno, na mimi nimesimama hapa."

"Neno kwa neno," alikubali, haraka mno.

Kutoka pale Mama Mawingu alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, mkulima wa nyanya. Alimkuta amepiga magoti shambani, anapanda. Miche mia mbili ilikuwa imekufa usiku. Mia mbili nyingine, aliyokuwa ameihifadhi barazani kwenye trei za miche, ndiyo alikuwa anaitia ardhini. Mwaka mzima wa nyumba ile ulikuwa ndani ya zile trei.

"Kaka, acha kupanda. Au ifunike. Leo tena ni sifuri."

"Jana umesema joto, ikaja baridi," alisema kaka bila kuinua uso. "Leo unasema baridi. Basi nimekuelewa."

"Sikusema joto! Ni yule wa redioni, ameichezea karatasi yangu."

"Redio imekuombea radhi, mdogo wangu. Mwenye haki haombewi radhi."

Mama Mawingu alisema hadi koo likamkauka. Kaka aliendelea kupanda.

Jioni Sauti ya Asali alisoma kila neno: alfajiri nyuzi sifuri, sakitu, funikeni miche. Alisoma vizuri kuliko siku zote. Na mji mzima ukacheka, ukasema Mama Mawingu akiona baridi basi laleni bila blanketi.

Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe, na jua lilipolipiga likageuka jeusi. Kaka alisimama katikati ya mashina yaliyolegea. Walitembea pamoja kuelekea mjini, shamba baada ya shamba, yote sawa.

Mpaka walipofika nyuma ya nyumba ya Sauti ya Asali. Bustani yake ilikuwa imefunikwa kuanzia ukuta hadi ukuta: mablanketi, mashuka, mapazia ya sebuleni, hata koti lake la kutangazia sherehe. Mkewe alikuwa anavikunja kimoja kimoja, na chini yake miche ilisimama mibichi kabisa.

Kaka aliinyooshea kidole ile miche.

"Huyu alijuaje?" aliuliza.

"Nilimwambia mimi," alisema Mama Mawingu. "Kama nilivyokwambia wewe."