Kigoda cha Mama Mkwe

Kabla hujaoa, uliza mama mkwe ana mabinti wangapi. Wangu alikuwa nao tisa. Mimi nilimwoa wa saba, Mutindi, na sisi wakwe tisa, pamoja na ndugu zetu, binamu zetu na wale wanaojiita ndugu zetu pakiwa na nyama, tulijaa kila kona ya wadi yetu upande wa Tulia. Baada ya mabinti hao wote mama alipata mtoto wa kiume, Muthama. Muthama ndiye aliyetaka udiwani.

Alikuwa ameshashindwa mara mbili, zote na Diwani Kiema, mtu mwenye tumbo, kofia, na ahadi ya kisima iliyokuwa na umri mkubwa kuliko watoto wangu. Baada ya ushindi wa pili Kiema alipita nyumbani kwa mama mkwe akipiga honi. Bila kushuka garini alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kijana aliyelelewa na dada tisa aende akasuke vyondo. Mama alikuwa mlangoni akichambua kunde. Aliendelea kuchambua. Lakini tangu siku hiyo aliomba kanisani kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba kabla hajafa asimame nyuma ya mwanawe na amwone akishinda.

Basi ukaja mwaka wa themanini na nane, mwaka wa mlolongo. Karatasi hakuna, sanduku hakuna. Unasimama nyuma ya picha ya mtu wako juani, kila mtu anakuona, karani anapuliza filimbi, halafu mnahesabiwa kama mbuzi mnadani. Kabla ya filimbi unaweza kuhama. Baada ya filimbi, ulipo ndipo ulipo. Mimi sikuupenda utaratibu huo, na nasema wazi. Mtu mzima ana haki ya kumdanganya mgombea kwa siri.

Asubuhi ile, hata hivyo, niliupenda. Mlolongo wa Muthama ulianzia katikati ya uwanja wa soko ukapita mashine ya kusaga mahindi na kukunja kona. Wa Kiema ulikuwa mfupi, hata ukimhesabia na kofia. Nilisimama karibu kabisa na picha, kifua mbele. Nyuma yangu alikuwa Pasta Evanson, aliyeoa binti wa pili.

Ndipo mama mkwe akafika, ameketi nyuma ya baiskeli na kigoda chake mkononi. Muthama, kwa kumheshimu mzazi, alikichukua kile kigoda akakiweka kando ya picha yake, kikitazama watu.

"Kaa hapa, mama, uone watu wako," akasema.

Mama akakaa, akatutazama.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni. Hampi mkono. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kwenye miiba mpaka mama apite, na akivunja heshima hiyo anatoa mbuzi. Ndugu zake nao ni vivyo hivyo. Pasta Evanson alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yaliisha tulipookoka. Nilimsikia akisema, "Yesu wangu," na nilipogeuka hakuwepo.

Sikuwa na nafasi ya kumcheka. Nilijifunika uso kwa kofia nikamfuata mbio hadi nyuma ya ile mashine ya kusaga. Huko niliwakuta wakwe wenzangu na ndugu zao, tumebanana, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Uwanjani mlolongo wa Muthama ulikuwa umebaki na mapengo kama mdomo wa mzee.

Kiema alishika tumbo kwa kicheko.

"Nyinyi wakwe!" akaita kwa kipaza sauti. "Kwani mtakaa huko kama kuku wamenyeshewa? Kujeni huku kwangu! Huku hakuna mama ya mtu!"

Na wengine wakaenda. Mwaka ule mtu ambaye hakuonekana kwenye mlolongo wowote angeulizwa maswali, na filimbi ilikuwa karibu. Hata pasta alienda, akiangalia chini. Mimi nilibaki kwa sababu Mutindi alikuwa ananitazama kutoka uwanjani, na huyo naye simwezi.

"Mutindi," mama akauliza, "mbona watu wa Muthama wanaisha?"

"Ni wewe, mama. Wakwe wako wanakukimbia."

Muthama alikuwa amelowa jasho. "Mama, si ukae tu pale kwa duka kidogo?"

"Nikikaa kwa duka, wale wameenda kwa Kiema watarudi?"

Mama akatazama mlolongo wa mwanawe, akautazama wa Kiema, ambao sasa ndio ulikuwa mrefu. Akainuka. Akachukua kigoda chake akavuka uwanja polepole, moja kwa moja kwa Kiema.

"Mama!" Muthama akapiga kelele. "Mama, unaenda wapi?"

Hakugeuka. Muthama alichuchumaa chini, mikono kichwani. Mimi huku nyuma ya mashine niliumia moyo sana. Nilidhani tumemuudhi, na sasa anamwadhibu mtoto kwa ujinga wetu.

Kiema nusura aruke kwa furaha. "Mmeona, watu wangu? Hata mama mzazi!" Akampokea kigoda akakiweka kwa mikono yake mwenyewe mbele kabisa, kikitazama watu. "Kaa hapa, mama, wakuone."

Mama akakaa. Akaweka leso yake sawa, akainua uso, akaanza kuwatazama mmoja mmoja, bila haraka.

Pasta alikimbia mara ya pili. Wakwe waliohama wakamfuata, na safari hii hawakuwa na pa kwenda isipokuwa walikotoka, kwa Muthama. Nami nikatoka mafichoni nikarudi kwenye nafasi yangu. Lakini furaha ilikuwa imemsahaulisha Kiema jambo moja. Mdogo wake ndiye aliyemwoa Muthoki, binti wa nne. Ukoo wake wote ulikuwa wakwe! Wajomba, binamu, vijana wake wa kampeni, wote waliinama wakateleza kando, wakajazana nyuma ya mashine tulikotoka sisi.

"Rudini!" Kiema akafoka. "Mnatoroka nini? Huyu ni mama tu!"

Mama akageuza shingo akamtazama yeye.

Diwani Kiema alivua kofia, akajifunika uso, akatimua mbio akaiacha picha yake. Filimbi ikalia.

Karani alipita akigusa kila mtu begani. "Kiema, sitini na moja," akatangaza. "Muthama, mia mbili na nne. Diwani ni Muthama!"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka punda wa soko wakakata kamba. Muthama hakungoja kubebwa. Alikimbia hadi kwenye kile kigoda akapiga magoti.

"Mama, umenipitisha. Lakini kura yako wamehesabu huku kwa Kiema."

"Najua." Mama alikuwa analia, na hakujifuta. "Watu wako wote wamesimama kwako isipokuwa mimi. Na mimi ndiye niliomba." Akaegemea bega la mwanawe akainuka. "Leta picha yako. Ishike juu."

Alipoanza kuvuka uwanja kuja upande wetu, tulikimbia tena nyuma ya mashine, tukakuta watu wa Kiema bado wako, tukageukia ukuta sote pamoja. Muthama aliinua picha. Mama akasimama nyuma yake, wima, mikono kando, mlolongo wa mtu mmoja.

"Karani," akaita, "hesabu."

Karani alikuwa ameshapanda gari. Alishuka, akavuka uwanja na kumgusa begani kama alivyotugusa sisi wote.

"Mmoja," akasema.

"Sikusikia."

"Mmoja!"

Nayajua haya kwa sababu niligeuka nikachungulia, na uso wa mama mkwe niliuona wote. Mutindi alinishika palepale. Nilitoa mbuzi, jike mwenye mimba, na sikunung'unika.