Kimoja kwa Kila Nyumba

Mafundi wa mbao wa mji wa Betis wana mtihani wao wa kununua msumeno uliokwisha kutumika: kabla hujaitazama mashine, tazama vidole vya muuzaji. Delfin Manalastas alivihesabu vya Koya, yaani Kaka, Sidro wakati mzee huyo akifungua kufuli la stoo yake huko Bacolor. Vilikuwa kumi, tena vimenyooka. Moyo ukamtulia, maana hakujua kwamba alikuwa amehesabu vya mtu mmoja tu wa nyumba ile.

"Hiki ni chuma kitupu, mdogo wangu," Sidro alisema, akiigonga meza ya msumeno kwa ufunguo. "Za siku hizi ni bati tu. Hii hata tope la mlima wa volkano liliimeza likaitema. Tuliifukua, tukaiosha kwa mafuta ya taa, ikanguruma."

"Sasa mbona unaiuza?"

"Uzee, ndugu yangu."

"Uzee gani? Mzee ni huyu hapa." Delfin akauinua mkono wake wa kulia, nao ukatetemeka kama ulivyozoea miaka hii mitatu.

Sidro hakucheka. Alikuwa akitazama dirisha la jikoni, ambako mkewe alikuwa amesukuma vikombe viwili vya kahawa chini ya pazia bila kujitokeza. Bei aliyoitaja ilikuwa nusu ya ile ambayo Delfin alijiandaa kuibishania, na badala ya kujiuliza kulikoni, Delfin alifurahi. Watu husema usinunue mbuzi kwenye gunia. Wengine huonyeshwa mbuzi mzima, wakafumba macho wenyewe.

Alikuwa na sababu ya kufumba. Binti yake wa pekee, Remedios, ambaye kila mtu humwita Meding, alikuwa ameitwa na karakana moja ya huko mbali Cebu inayochonga watakatifu wa makanisani. Meding alikuwa na miaka ishirini na sita, na mikono ambayo Betis nzima iliionea kijicho. Nyuso za Mama Maria alizozichonga ziliwaliza wanawake kabla hata hazijapakwa rangi. Baba ndiye aliyemfundisha, lakini tangu mkono wake uanze kutetemeka, nyuso zote zilikuwa za Meding. Mama yake alikwisha kufariki. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na Delfin hakuweza kuifikiria ikiwa na mmoja.

"Nunua mashine, Tatang," Meding alikuwa amemwambia baba yake, akijikanda bega baada ya kupasua mbao ngumu za narra kwa mkono siku nzima. "Ukinunua, nabaki. La sivyo naenda Cebu. Mimi si nyati wa kulimia."

Basi mashine ikanunuliwa ili binti abaki.

Waliisimamisha katikati ya karakana, chini ya paa la mabati. Waliikwangua kutu, wakaifunga mkanda mpya, wakaichomekea vibanzi miguuni hadi pima maji ikaridhika. Kila walipolegeza skrubu, mchanga wa kijivu wa mlima ulimwagika. Waliufagia wote, na asubuhi wakaukuta tena kichuguu kizima chini ya meza.

"Na jogoo je?" Meding aliuliza. Huko kwao mashine mpya huchinjiwa jogoo, damu ikadondoshewa juu ya chuma, isije mashine ikajitafutia yenyewe.

"Jogoo ni wa mashine mpya. Hii ni kuukuu, ilikwisha kula zamani. Au unataka tuibatize mara mbili?"

"Sema unamwonea huruma jogoo wako."

"Namwonea. Ananiamsha, na hadai bega linamuuma."

Meding alimrushia kitambaa cha grisi, wakacheka wote wawili.

Tatizo lilianzia kwenye ukingo, ile pau ya chuma inayouongoza ubao. Ukingo sharti uende sambamba na gurudumu la meno linalokata. Ukiinama kwa nyuma hata unene wa ukucha, ubao hubanwa na kurushwa, na mkono uliokuwa ukiusukuma huangukia kwenye meno. Delfin aliunyoosha, akaukaza kwa spana, akapima kwa rula mbele na nyuma. Walipotoka kula wali na samaki mkavu wakarudi, ulikuwa umeinama. Akaukaza tena. Kesho yake ulikuwa umeinama vilevile, unene wa ukucha.

"Umelegeza wewe?"

"Nilegeze ili nikatwe, Tatang? Macho yako tu."

Lakini macho ya Delfin yalikuwa mazima. Siku ya nne, plagi ikiwa imechomolewa na kulazwa juu ya kiti, alitia alama ya chaki kwenye jino la juu kabisa, kama fundi yeyote anayekagua gurudumu. Meding akaja kusimama mbele ya mashine, akipima mbao zake huku akiimba kidogo kidogo. Tik. Jino lenye chaki likashuka hatua moja kuelekea kwake. Tik. Hatua nyingine. Meding alipotoka kwenda kunywa maji, lilitulia. Delfin akasimama palepale aliposimama binti yake, akangoja hadi miguu ikafa ganzi. Halikusogea. Meding aliporudi, likaanza tena.

Delfin alimtuma binti dukani kununua msasa asiouhitaji, akamkamata jogoo, akamchinjia juu ya meza ya chuma huku akiomba radhi kwa kila mtakatifu aliyepata kumchonga. Damu ilikaa pale. Hadi kesho yake adhuhuri ilikuwa bado mbichi, nyekundu, haijaganda, na katika joto lile hakuna hata nzi mmoja aliyetua. Na ukingo ulikuwa umeinama.

Alipanda jipni ya kwanza iliyopita, gari la abiria la huko, kwenda Bacolor. Safari hii hakubisha hodi stoo. Alizunguka moja kwa moja hadi jikoni. Mke wa Sidro, Bi Tinang, alikuwa akimenya vitunguu. Alivishika kwa mkono wenye kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Katikati hapakuwa na kitu.

"Umekuja," Sidro alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akimngoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenunua?"

"Mke wangu hakuwa akiitumia," Sidro aliendelea. "Alikuwa akiipangusa vumbi. Plagi ilikuwa mfukoni mwangu. Mfukoni, mdogo wangu! Huyu ndiye aliyekuwa akipiga gitaa kanisani kwetu. Watu walikuja kutoka Guagua kumsikiliza. Mimi nilikuwa nikiweka mikono yangu mle kila siku, haikunitaka." Alijifuta uso. "Aliyeniuzia alikuja kuniambia baada ya msiba. Inachukua kitu kimoja kwa kila nyumba, na inachagua. Ikishachukua inatulia, inakata kama maji. Lakini mimi singeweza kukaa nayo."

"Ichukue. Pesa kaa nazo."

"Hapana."

"Basi nitaivunja."

"Aliyeniuzia alijaribu. Nyundo iliteleza, ikaangukia mguu wa mwanawe. Iuze, kama tulivyouza sisi."

Bi Tinang aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Usiiuze," alisema, akarudia vitunguu vyake.

Njia nzima Delfin alizihesabu karakana za Betis: kwa akina Dizon kuna mapacha, kwa akina Pangilinan kuna bibi arusi mpya. Hakuna nyumba aliyoweza kuipelekea jambo lile na kisha akasalimiana na wenyewe kanisani. Aliona aibu kwamba alikuwa amefikiria hata hilo.

Alifika nyumbani saa ya joto, mtaa mzima umelala. Meding alikuwa amepeleka fremu kanisani. Delfin alipiga moyo konde, akauweka mkono wa kushoto juu ya chuma, kidole cha mwisho kikigusa jino.

"Chukua," alisema. "Mimi ni wa nyumba hii. Chukua hiki, umwache mwanangu."

Jino halikusogea. Akasogeza kidole cha pili, kisha cha tatu. Kisha akauweka mkono wa kulia mzima, ule unaotetemeka, na ukawa unagongagonga meno kwa mtetemo wake wenyewe. Chuma kilikuwa baridi kama mtungi wa maji, na gurudumu halikutikisika. Alilia kwa hasira. Alikuwa akitoa kila alichonacho, na kilikuwa kinakataliwa kama sarafu mbovu.

Tik.

Aliinua macho. Meding alikuwa amesimama mlangoni, jasho usoni, amebeba mkate.

"Tatang? Unafanya nini hapo?"

Tik, tik, tik. Lilikuwa likienda haraka sasa.

"Usiingie."

"Nimefanya nini?"

"Barua ya Cebu bado unayo?"

Meding alicheka kwa wasiwasi. "Si tulikubaliana? Umenunua mashine, nimebaki."

Delfin alitamani kumweleza. Lakini alimjua binti yake: angecheka, angeingia, angeiwekea mkono palepale kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Alikuwa mtoto wake kwa ubishi.

"Ndiyo hivyo, nimenunua mashine," alisema. "Inatosha. Wali wa mmoja ni nafuu kuliko wa wawili. Nenda Cebu."

"Unanifukuza kwa sababu ya chuma?"

"Chuma hakidai bega linakiuma."

Uso wa Meding ulibadilika, na Delfin aliuona ukibadilika wote, maana ni uso aliokuwa ameutazama kwa miaka ishirini na sita. Binti aliweka mkate juu ya ngazi. Alifungasha nguo upande wa nyumbani, na baba mwenyewe akamtolea patasi zake karakanani, moja moja, akamkabidhi mlangoni. Hakuomba kuingia. Wala hakuugusisha mkono wa baba yake kwenye paji la uso kuomba baraka, jambo ambalo hakuwahi kuliacha tangu alipojua kutembea. Pikipiki yenye kigari cha abiria ikampeleka kwenye basi la Manila.

Delfin alirudi ndani, akachukua rula. Mbele sawa, nyuma sawa. Ukingo ulikuwa umenyooka. Damu ya jogoo ilikuwa imekauka, na nzi walikuwa wakitembea juu yake.

Ndipo alipoelewa kwamba mashine ilikwisha kuchukua kimoja cha nyumba yake, na hakikuwa kidole; akakaa chini katika vumbi la mbao. Alimwita Meding kwa jina lake lote, kwa sauti kubwa, mpaka jirani akauliza ukutani kama kuna mgonjwa.

Baadaye alichomeka plagi, kwa kuwa kazi ya kanisa ilikuwa imeahidiwa. Msumeno ulizipasua mbao zote za narra alizokuwa amezipima Meding, laini kiasi cha kutohitaji randa. Jioni zilikuwa zimepangwa kwenye benchi, tayari kuchongwa nyuso. Delfin alishika patasi, akaisogeza kwenye ubao wa kwanza, akaungoja mkono wake utulie.